Kuchagua shule ya msingi jijini Tanga: mapitio ya huduma inayouzwa kila Agosti

Ikifika Agosti, nguzo za umeme kuanzia Kange hadi Chumbageni hujaa matangazo: nafasi za awali na darasa la kwanza, usafiri upo, chakula kipo, Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mzazi ananunua fomu, mtoto anafanyiwa usaili wa nusu saa, awamu ya kwanza ya ada inalipwa, na kuanzia hapo familia imejifunga kwa miaka. Mtu wa Tanga akinunua baiskeli ya mtumba huizungusha magurudumu, huikagua breki na kuuliza imetoka kwa nani. Shule nayo inastahili kukaguliwa hivyo, na kwa makini zaidi.

Tutangulize hukumu yetu. Kinachotenganisha shule nzuri na mbaya katika jiji hili ni darasa la kwanza na la pili. Shule yenye mwalimu hodari kwenye madarasa hayo mawili huweza kubeba upungufu mwingine mwingi. Isiyo naye haiokolewi na basi jipya, chumba cha kompyuta wala wastani mkubwa wa darasa la saba. Mtoto asiyesoma kwa ufasaha akiingia la tatu huanza kukosa masomo yote kwa pamoja, kwa kuwa kuanzia hapo Hisabati, Sayansi na Jiografia vyote vinasomwa kwenye kitabu. Na walimu wa juu wana silabasi ya kumaliza. Wachache sana watarudi nyuma kumfundisha mmoja silabi.

Kuna sababu ya pili ya kutokimbilia matokeo ya darasa la saba. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na chini yake elimu ya msingi ni miaka sita. Waliokuwa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao waliokuwa la nne watamaliza la saba. Mtoto anayeanza la kwanza sasa hatalifikia darasa la saba kabisa. Shule inayojinadi kwa matokeo ya la saba inakuonyesha kazi iliyofanyika chini ya mtaala ambao mwanao hatausoma. (Mwenye mtoto wa makundi hayo mawili ya 2027 na anayetaka sekondari ya binafsi aanze kuulizia nafasi mapema, maana madarasa mawili yatagombea viti vya kidato cha kwanza kwa wakati mmoja.)

Namna ya kulipima darasa la kwanza

Nenda Septemba au Oktoba. Januari kila darasa la kwanza linafanana, watoto ndio kwanza wanashika penseli. Ikifika Oktoba kazi ya mwaka mzima inaonekana. Omba kukaa nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja tu. Kwa madarasa hayo kipindi ni dakika 30. Mwalimu mkuu akikubali bila kuzunguka, hiyo peke yake ni alama nzuri. Akikwambia uje siku ya wazazi, andika pembeni.

Ukiwa ndani, sikiliza kama watoto wanasoma au wanaimba. Kusoma kwa pamoja kwa sauti kubwa ni njia halali ya kufundisha, lakini kuna madarasa ambayo hayafanyi kingine chochote, na mtoto hutoka akiwa amekariri ukurasa bila kujua neno lipi ni lipi. Kipimo ni rahisi: mwombe mwalimu amwite mtoto wa dawati la nyuma, kisha mwonyeshe neno lililo katikati ya mstari wa tatu. Anayesoma atalisoma. Aliyekariri ataanza ukurasa tangu juu, kimoyomoyo, mpaka alifikie.

Kisha andika mwenyewe kwenye karatasi maneno sita ambayo hayamo kwenye ukurasa wao: nyanya, mbuzi, chakula, ng'ombe, kwenda, shangazi. Darasa la kwanza la Oktoba linapaswa kuwa limeshatoka kwenye ba, be, bi, bo, bu na kuingia kwenye silabi za mwambatano. Mtoto akikwama kwenye "nya", "mbu" na "kwe", mwalimu bado yuko kwenye silabi nyepesi na mwaka unaisha. Kwa darasa la pili, kipimo kinachotumika nchini ni maneno 50 kwa dakika, mtoto akielewa anachokisoma. Tumia saa ya simu, mpe aya fupi, kisha muulize maswali mawili kuhusu habari yenyewe. Wapo wanaosoma mbio na wasijue mbuzi alikuwa wa nani.

Upande wa kuhesabu, tazama kama kuna vihesabio: vijiti, mbegu, vifuniko vya soda. Darasa la kwanza bila vihesabio linafundisha tarakimu za kukariri. Darasa la pili mpe 42 kutoa 17. Anayeandika 35 anatoa ndogo kwenye kubwa kila upande bila kuchukua kutoka kwenye makumi. Hilo ni kosa la kawaida na linarekebishika, ila ukilikuta kwa watoto wanne kati ya watano, tatizo ni mwalimu.

Madaftari yanasema zaidi ya mtu yeyote. Omba matatu: la mtoto anayeongoza, la wa katikati, na la anayeburuza mkia. Angalia tarehe, maana wiki mbili bila kazi ni wiki mbili bila mwalimu. Angalia kama alama ya vema imewekwa juu ya sentensi yenye makosa, kwani huyo anasahihisha bila kusoma. Angalia pia kama kuna sentensi hata moja aliyoitunga mtoto mwenyewe. Daftari lililojaa maandishi mazuri yaliyonakiliwa ubaoni huwafurahisha wazazi sana, na halithibitishi kitu isipokuwa mwandiko.

Baada ya hapo muulize mwalimu mkuu swali moja: kwa nini amempa mwalimu huyu darasa la kwanza? Mkuu anayeijua kazi atakujibu papo hapo: ana subira, anajua kufundisha kwa sauti za herufi, amepata mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Asiyeijua atasema ndiye aliyebaki baada ya kupanga ratiba. Shule nyingi huweka walimu wao bora kwenye darasa la mtihani na kuwaachia wadogo yeyote aliyepatikana. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na shule za ada kubwa hulifanya sawasawa na zile za bure.

Shule ya serikali ya mtaani

Hapa Tanga mtoto huja shuleni tayari ana Kiswahili kizuri, cha nyumbani na cha mitaani. Hiyo ni hazina. Silabi za Kiswahili husomwa kama zinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto wa Makorora au Mwakidila aliyefundishwa vizuri anaweza kusoma sentensi kamili kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Shule ya mchepuo wa Kiingereza inaiweka hazina hiyo kando na kuanza upya na lugha ambayo tahajia yake haifuati matamshi.

Udhaifu unajulikana: idadi. Kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja katika shule ya msingi na 25 kwa darasa la awali. Shule za katikati ya mji huvuka hapo kwa mbali. Usiishie kwenye idadi ya jumla ya shule. Uliza darasa la kwanza lina mikondo mingapi, kila mkondo una watoto wangapi, na kama wanapokezana asubuhi na mchana. Watoto 70 wenye mwalimu anayewagawa makundi na kuwasikiliza kumi kumi kila siku watasoma. Watoto 70 wenye mwalimu anayekaa mezani hawatasoma, na hata watoto 40 wa shule ya binafsi wenye mwalimu wa namna hiyohiyo hawatasoma pia.

Ada hakuna, lakini kuna sare, madaftari na mchango wa chakula, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Kuhusu chakula, usiulize tu "wanakula?" Piga hesabu. Mwaka una siku 194 za masomo. Ukikadiria gramu 120 za unga na 30 za maharage kwa siku, mtoto mmoja anahitaji takriban kilo 23 za unga na kilo 6 za maharage kwa mwaka, ukiongeza mafuta, chumvi, kuni na posho ya mpishi. Linganisha mchango mnaotozwa na bei za sokoni za wiki hiyo, utajua kama unatosha, umezidi, au ni mdogo kiasi kwamba watoto watakunywa uji mwepesi tu. Kamati ya shule inapaswa kuwa na daftari la stoo linaloonyesha kilichoingia na kilichopikwa. Mzazi ana haki ya kuliona.

Kwa familia inayoishi mwendo wa dakika 15 kwa miguu kutoka shule ya serikali yenye darasa la kwanza lililofaulu vipimo vya hapo juu, tunaipa alama 4 kati ya 5. Alama iliyopungua ni ya Kiingereza cha kidato cha kwanza, kwa sababu sekondari nzima hufundishwa kwa lugha hiyo na mruko ule unaumiza. Mtaala mpya umelishusha somo la Kiingereza hadi darasa la kwanza, kwa hiyo uliza nani analifundisha na umsikie akilizungumza. Pesa ambayo ingekwenda kwenye ada inaweza kununua vitabu vya hadithi vyepesi vya Kiingereza, na masomo ya ziada ya lugha peke yake kuanzia la nne.

Mchepuo wa Kiingereza

Ubora unatofautiana mno kutoka shule moja hadi nyingine, na bango halikusaidii kuzitambua. Usiishie kuongea na mwalimu mkuu na mhasibu, hao wamechaguliwa kwa ajili ya kuongea na wewe. Omba kuonana na mwalimu wa Sayansi wa darasa la tatu na umuulize, kwa Kiingereza, atamwelezaje mtoto kwa nini nguo hukauka upesi siku ya upepo. Kama hawezi kulieleza jambo hilo kwa sentensi zake mwenyewe, basi darasani anasoma kitabu, na watoto wanakariri maelezo wasiyoyaelewa kwa lugha wasiyoijua. Matokeo yake ni mtoto wa la tano anayezungumza Kiingereza cha salamu na kuomba ruhusa, na asiyesoma vizuri kwa lugha yoyote.

Pita uwanjani wakati wa mapumziko. Watoto wakicheza kwa Kiswahili, hakuna ubaya wowote, ndiyo lugha yao. Ubaya ni shule inayowavisha kibao shingoni au kuwachapa kwa kuongea Kiswahili. Mtoto anayeogopa kukosea hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi lugha. Ukikiona kibao hicho, ondoka.

Kuhusu viboko kwa ujumla, kanuni zinasema ni mwalimu mkuu au aliyemkasimu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Muulize kitabu kiko wapi. Shule ambayo kila mwalimu hutembea na fimbo na haina kitabu inakwenda kinyume cha kanuni, iwe ya bure au ya mamilioni.

Jambo la kuhama lina wakati wake. Anayetaka mchepuo wa Kiingereza aanze awali, au ahamie kabla ya Januari ya darasa la tatu. Akihamia la tano, shule nyingi zitataka arudi darasa moja au mawili, na atafundishwa sehemu na desimali kwa lugha ambayo bado anaitafuta. Kurudi upande wa pili nako kuna bei yake, na wazazi wengi hawaijui: mtoto wa la tano anayetoka mchepuo wa Kiingereza anaongea Kiswahili cha Tanga bila shida, lakini hajawahi kukutana na maneno ya darasani kama KDS (kigawe kidogo cha shirika), KKS (kigawo kikubwa cha shirika), usanisinuru wala mmeng'enyo wa chakula. Mpe likizo yote ya Juni au Desemba na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo vinasomwa bure. Kwa hiyo kabla ya kuanza, hesabu kama kipato kitaibeba ada hadi la sita. Kukatiza katikati kunaumiza kuliko kutoanza.

Alama zetu: 4 kwa shule ambayo mwalimu wa la tatu alijibu swali la nguo vizuri na darasa la kwanza linasoma; 2 kwa iliyo na sare nzuri na madaftari ya kunakili. Kati ya hizo mbili ada inaweza kuwa ileile.

Kuyasoma matokeo ya NECTA bila kudanganyika

Matokeo hatuyatupi. Tovuti ya Baraza la Mitihani ni ya bure, haina usajili, na inafunguka hata kwenye simu ndogo. Unachagua mtihani, mwaka, Mkoa wa Tanga, halmashauri, kisha shule. Kasoro yake ni kwamba siku matokeo yanapotoka huelemewa, na haina njia ya kulinganisha shule mbili kwa pamoja. Itabidi unakili kwa mkono. Tangu mwaka 2023 baraza limeacha kutangaza shule bora kitaifa, na hilo ni jema. Shule inayokuonyesha nafasi yake "ya kitaifa" inakuonyesha karatasi ya zamani au hesabu yake yenyewe.

Katika la saba masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Wastani wa shule wa 241 na kuendelea ni daraja A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Wastani wa 200 kwa watahiniwa 150 ni kazi kubwa kuliko 245 kwa watahiniwa 18. Lakini namba yenye siri zaidi ni idadi ya watahiniwa. Chukua waliofanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2021, uwalinganishe na waliofanya la saba mwaka 2024 katika shule ileile. Kundi ni lilelile. Kama la nne walikuwa 60 na la saba ni 38, muulize mwalimu mkuu wale 22 walikwenda wapi. Wachache huhama na wazazi, hilo ni la kawaida. Robo au theluthi ya darasa haihami kwa bahati. Wamerudishwa darasa au wamesukumwa nje ili wastani upande. Mtoto wako akiwa wa kawaida tu, kama walivyo watoto wengi, hiyo ndiyo hatari inayomsubiri.

Fanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja mbaya unaweza kuwa mwalimu wa Hisabati aliyehama. Miaka mitatu ni tabia.

Majina makubwa ya sekondari za serikali hapa mjini, Tanga Ufundi, Galanos na Usagara, hayanunuliki. Mtoto hupangiwa na serikali kulingana na ufaulu wake na nafasi zilizopo, kwa hiyo shule ya msingi inayodai "kuwa na njia" ya kuingiza watoto huko isikilizwe kwa tahadhari.

Joto, mvua, maji na choo

Shule hutembelewa saa tatu asubuhi, upepo wa bahari ukivuma na watoto wakiwa wameoga. Rudi saa nane mchana, hasa Februari. Darasa lenye bati bila dari na madirisha upande mmoja tu huwa halifundishiki wakati huo. Watoto wanasinzia, mwalimu anasinzia. Tafuta madirisha pande mbili yanayotazamana, dari, na mti upande wa magharibi. Dari hiyohiyo ndiyo itakayowasaidia wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwani mvua ya Tanga juu ya bati tupu hufuta sauti ya mwalimu na kipindi kinapotea. Na kama orodha ya sare ina sweta na tai kwa mtoto wa awali, uliza ni kwa ajili ya hali ya hewa ipi.

Choo ni hesabu: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya watoto 600, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 15 ya wasichana na 12 ya wavulana. Fungua milango. Komeo liko ndani? Maji yapo humo au ndoo iko ofisini? Kwa shule ya kutwa, kadiria lita 5 kwa mtoto kwa siku, kwa hiyo watoto 600 ni lita 3,000. Tangi la lita 5,000 linawavusha siku moja na nusu bomba la Tanga Uwasa likikatika, na la lita 1,000 haliwafikishi hata mapumziko ya chai. Kwa mwenye binti wa la nne na kuendelea, ulizia chumba cha kujistiri wakati wa hedhi, mahali pa kutupa taulo, na mwalimu wa kike anayehusika. Wapo wasichana wanaokosa siku kadhaa kila mwezi kwa kukosekana kwa chumba hicho tu.

Basi na chuo

Basi la njano ndilo linalowashawishi wazazi wa Pongwe na Kange, nalo ndilo linalokula usingizi wa mtoto. Swali la kuuliza si bei kwanza. Uliza: mwanangu atakuwa wa ngapi kupakiwa, na wa ngapi kushushwa? Anayepakiwa wa kwanza saa kumi na moja alfajiri na kushushwa wa mwisho saa kumi na moja jioni ana saa kumi na mbili nje ya nyumba akiwa na miaka sita. Baadhi ya shule hukubali kuugeuza mzunguko jioni, wa kwanza kupanda awe wa kwanza kushuka. Omba hilo kabla ya kulipa, likiandikwa. Hesabu viti na watoto, wengi hukaa watatu kwenye kiti cha wawili. Hakikisha kuna mlezi ndani mbali na dereva, ana orodha ya majina na namba za simu, na hamwachii mtoto mtu asiyemjua. Uliza pia nini hutokea njia za ndani zikijaa maji. Mara nyingi basi husimama barabara kuu, na mtoto hutembea.

Chuo, yaani madrasa, kina nafasi yake, na ratiba nyingi za shule zimepangwa kana kwamba hakipo. Watoto wengi wa Tanga huenda chuoni baada ya shule na asubuhi za mwisho wa wiki, wakipumzika Alhamisi na Ijumaa. Shule yenye masomo ya ziada hadi saa kumi na moja, pamoja na Jumamosi, inamlazimisha mtoto kuchagua kimoja, na mara nyingi mzazi hugundua baada ya kulipa. Shule za taasisi za Kiislamu huunganisha yote mawili. Uliza ni vipindi vingapi vya Kurani kwa wiki na nani anafundisha, kwa vipimo vilevile vya kusikiliza na kutazama. Msabato naye aulize kuhusu Jumamosi mapema. Kwa darasa la kwanza na la pili, masomo ya ziada ya kila siku hayana kazi. Mtoto huyo anahitaji kucheza na kulala.

Bweni na mahitaji maalumu

Bweni kwa awali hadi darasa la nne lilipigwa marufuku Machi 2023. Anayekuuzia nafasi ya bweni kwa mtoto wa la pili bila kukuonyesha kibali anakuuzia kitu kisichoruhusiwa. Kuanzia la tano, wengi hutazama Lushoto. Kumbuka baridi ya huko, blanketi mbili na sweta halisi, na umuulize matroni ana watoto wangapi usiku.

Kwa mtoto asiyeona, ipo Irente, Lushoto, shule ya Kanisa la Kilutheri yenye uzoefu wa miaka mingi. Kwa mahitaji mengine anzia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye atampima mtoto na kukuelekeza kwenye kitengo kinachomfaa. Usimfiche mtoto kwenye usaili wa shule ya kawaida ukitumaini hawatagundua. Watagundua Machi, ada ikiwa imeshalipwa, na mtoto amepoteza muhula.

Karatasi na pesa

Omba gharama zote kwa maandishi, kwenye karatasi moja: ada, usafiri, chakula, sare, tisheti ya michezo, vitabu, rimu, masomo ya ziada, mitihani ya ujirani mwema, ziara, mahafali. Jumlisha, kisha gawa kwa siku 194. Kwa mfano, jumla ya shilingi 2,400,000 ni kama shilingi 12,400 kwa kila siku ya masomo. Namba hiyo ya siku ndiyo ya kulinganisha shule na shule, kwa sababu ada ndogo yenye nyongeza nyingi huizidi ada kubwa isiyo na nyongeza. Soma kipengele cha kuondoka: ukimhamisha mtoto katikati ya mwaka, unatakiwa kutoa taarifa muda gani kabla, na kinarudishwa nini? Kama hakimo, omba kiandikwe. Lipa benki au kwa namba ya malipo, kamwe si mkononi, na tunza stakabadhi hadi mtoto amalize.

Usajili usiuamini kwa mdomo. Shule ya msingi iliyosajiliwa ina namba inayoanza na EM, na cheti chake hutundikwa ofisini. Kituo cha kulelea watoto mchana kina kibali cha Ustawi wa Jamii, ambacho hakikiruhusu kuendesha darasa la kwanza. Vipo vituo vinavyokua hadi la tatu kwa kibali hichohicho, na watoto wao hujikuta wakiandikishwa kwa jina la shule nyingine ili wafanye upimaji wa la nne. Kama una wasiwasi, nenda na namba hiyo ofisi ya mthibiti ubora wa shule. Ni huduma ya bure, na watakwambia pia mara ya mwisho shule ilikaguliwa lini.

Mwisho ni PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani. Kila mtoto hupewa namba yake humo, na bila namba hiyo haandikishwi kwenye upimaji wa la nne wala mtihani wa kumalizia. Mtoto akihama, shule ya zamani lazima imwachie kwenye mfumo, na shule ya binafsi yenye deni lako huweza kuchelewesha hilo kwa miezi. Kwa hiyo anayehama amalize deni au aandikishiane mpango wa kulilipa kabla ya kuchukua barua ya uhamisho, kisha baada ya wiki mbili aende shule mpya na kuomba kuliona jina la mtoto kwenye orodha yao ya PReM. Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa, herufi kwa herufi, na cheti cha kuzaliwa. Kosa la herufi moja likisahihishwa akiwa darasa la kwanza ni kazi ya siku moja. Likigunduliwa kidato cha nne ni kazi ya viapo na safari za ofisini.